Naomba ushauri: vitabu vya picha vya wanyama na rangi kwa mtoto wa miaka miwili na nusu

MamaBinti (Morogoro)

Habari za saa hizi wana jamvi. Naombeni ushauri kwa wenye watoto wadogo, walimu, na yeyote mwenye uzoefu na vitabu vya watoto.

Nina binti wa miaka miwili na nusu. Mimi na baba yake tunatoka asubuhi kwenda kibaruani, mtoto anabaki na bibi yake, mama yangu mzazi, hadi jioni. Nataka nimtafutie vitabu vya picha vya wanyama na rangi wakae navyo mchana, maana kwa sasa kinachomtuliza ni simu, na inamkalisha kimya kuliko ninavyopenda.

Nimezunguka steshenari karibu zote za mjini. Vilivyopo ni vya kadibodi, vinang'aa, vya Kiingereza, na wanyama wake ni dubu, mbweha wa rangi ya chungwa, kulungu amesimama kwenye theluji. Kimoja nimekinunua. Kina herufi, namba, matunda, maumbo, magari, wanyama na rangi, vyote humo humo, picha ndogo ndogo zimebanana ukurasa mzima. Mama yangu Kiingereza hajui, na Kiswahili chenyewe anasoma kwa kuungaunga herufi. Anamfungulia mjukuu wake, mtoto anagonga picha kwa kidole, bibi anasema "mnyama huyo", ukurasa unafuata.

Kwa hiyo natafuta kitabu cha Kiswahili ambacho bibi na mjukuu wanaweza kukaa nacho bila mimi kuwepo. Vinapatikana wapi? Niangalie nini kabla sijatoa hela? Na lipo linaloninyima raha: wanyama anawataja vizuri, ng'ombe, kuku, paka, mbuzi, hadi milio yao anaigiza, ila rangi hapana. Kila kitu kwake ni "nyekundu". Ukimwonyesha jani, nyekundu. Mtoto wa jirani, rika lake kabisa, anaenda dei kea na anataja rangi kwa Kiingereza bila kukosea. Kuna tatizo?

Kijana wa Mjini

Dada, mwekee katuni ya Akili and Me ya Ubongo. Ipo ya Kiswahili, imetengenezwa hapa hapa Dar, ina wanyama, rangi, namba na nyimbo. Mtoto wa dada yangu amejifunza mengi humo. Kitabu kwa umri huo kitachanwa tu.

Mwalimu wa Awali (Tanga)

Dada, kwanza ondoa wasiwasi kuhusu rangi. Nafundisha darasa la awali, na kila mwaka napokea watoto wa miaka mitano ambao bado wanachanganya bluu na kijani, sembuse huyo wako. Majina ya wanyama yanatangulia kwa sababu mnyama ni kitu kizima, ana mlio, anatembea, ukimfukuza anakimbia. Rangi haisimami peke yake. Ukimwonyesha mtoto embe bivu ukasema "manjano", atajuaje kama umetaja embe lenyewe, umbo lake, utamu wake au ganda lake? Hiyo "nyekundu" anayoitumia kwa kila kitu ni dalili nzuri. Ameshagundua kuwa kuna kundi la maneno yanayojibu swali la rangi gani, kilichobaki ni kuyagawa.

Hapo ndipo kitabu kinapopimwa. Kitabu kizuri cha rangi hubadilisha kitu kimoja tu. Kuku mweupe upande huu, kuku mweusi upande ule, ukubwa ule ule, wamesimama vile vile. Mtoto akiwatazama, tofauti pekee anayoiona ni rangi, na neno linapata pa kushika. Vitabu vingi vinafanya kinyume: nyekundu ni nyanya, bluu ni gari, manjano ni bata. Mtoto anaondoka na nyanya, gari na bata, rangi imempita.

Kitabu ulichonunua chenye picha zimebanana kiweke kando, atakihitaji akikua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walionyesha mwaka 2017 kwamba watoto wa chekechea hushika maneno mapya zaidi kitabu kinapokuwa na picha moja tu mbele yao kwa wakati mmoja kuliko picha mbili. Jicho la mtoto linatangatanga, na wewe ukitaja twiga yeye yuko kwenye tairi.

Kwenye lugha nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Ukiwa dukani fungua kurasa mbili tatu usome kwa sauti. Ukikuta "mbuzi nyeupe" au "tembo kubwa", kirudishe rafuni hata kiwe na picha nzuri namna gani. Mnyama ni mweupe, ni mkubwa, hata akiwa kiboko, kipepeo au nyuki. Vitabu vilivyofasiriwa harakaharaka vimejaa makosa hayo, na mtoto wa umri huu anabeba kila kinachoingia sikioni. Sasa angalia upande wa pili: kwa kuwa wanyama wote wanakwenda na upatanisho mmoja, kitabu cha wanyama peke yake kitampa "mweupe" na "mweusi" tu, asisikie "cheupe" wala "jeupe". Dawa yake haihitaji kitabu kingine. Bibi akishataja paka mweupe, atazame pembeni: kikombe cheupe kile pale, ua jeupe lile, nguo nyeupe ile kambani. Chura wa kijani, kisha kikombe cha kijani, kisha embe la kijani. Msimfundishe kanuni. Asikie tu, kila siku, kutoka kwa mtu anayempenda.

Na msihangaike na wingi wa vitabu. Kitabu kimoja kisomwe mpaka mtoto awe anamalizia sentensi za bibi. Utafiti mwingine wa Sussex hao hao, wa mwaka 2011, ulilinganisha watoto wa miaka mitatu: waliosomewa hadithi ile ile tena na tena walishika maneno mapya kuliko waliosomewa hadithi tofauti tofauti, japo maneno yenyewe waliyasikia mara sawa. Mtoto akikuletea kitabu cha jana, kipokee.

Sista Wodi ya Watoto

Mwalimu amesema sawa. Niongeze upande wa afya.

Watoto wengi hutaja rangi kuu kwa uhakika kati ya miaka mitatu na minne, na wapo wanaochelewa zaidi bila tatizo lolote la macho wala akili. Dada, badilisha namna ya kumpima. Usimwulize "hii rangi gani", hilo ni swali la mtihani. Weka vikombe viwili mbele yake, mwambie "nipe kile chekundu". Mtoto huelewa neno muda mrefu kabla hajaweza kulitaja. Huenda ukakuta rangi mbili tatu anazijua tayari.

Upofu wa rangi upo, na aina inayoonekana zaidi ni ile ya kuchanganya nyekundu na kijani. Unarithiwa, na huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Kwa binti wa umri huo sioni sababu ya kufikiria huko. Akifika umri wa kuanza shule, rangi nyingine zote anazijua ila nyekundu, kijani na kahawia bado zinamchanganya, hapo mpeleke kliniki ya macho.

Kijana wa Mjini, kipindi hicho ni kizuri, nakipenda, ila kimetengenezwa kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja kurudi chini asiwekewe skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unasema mtoto akiwa ametulia mahali pamoja, kinachofaa ni kusomewa na kusimuliwa hadithi. Bibi yupo nyumbani. Huo ni utajiri ambao familia nyingi ninazoziona wodini hazina.

Ukinunua kitabu, lowesha kitambaa cheupe usugue picha moja. Wino ukitoka, usikinunue, kwa sababu umri huu kitabu kinapita mdomoni.

Brashi na Rangi (Dar)

Mimi ni mchoraji, naomba nizungumzie picha.

Mnajua michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga aliianza hapa Dar mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zile za kupakia baiskeli. Chui wake, ndege wake, tembo wake wamejaa rangi ambazo porini hazipo, na hakuna mtoto anayepita mbele ya picha ile asisimame. Kwa hiyo sikubaliani na fikra kwamba kila picha ya mtoto lazima iwe kama ya pasipoti. Tembo wa bluu anamshtua mtoto, anamfanya aulize. Rangi inabaki kichwani kwa sababu imekaa mahali isipotegemewa.

Ninachokataa ni uvivu. Wachoraji wengi tunachukua picha za bure mtandaoni, dubu yule yule na bata yule yule wa manjano, tunabadilisha maandishi tu. Nchi hii ina kila rangi kwenye mwili wa mnyama. Unataka nyekundu? MamaBinti yuko mkoa wenye mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye huko nje ya eneo lile hapatikani duniani. Nyeupe, mchore yangeyange anayefuata ng'ombe. Manjano ni mnana anayening'iniza kiota. Bluu ni mdiria kando ya mto, au yule mjusi dume wa majabali ya Serengeti mwenye kichwa cha waridi na mwili wa bluu. Waridi ni heroe wa Ziwa Natron, na hapo una hadithi kamili, kwa sababu kifaranga wa heroe ni wa kijivu na waridi anaipata ukubwani kutokana na chakula anachokula humo ziwani. Kijani, kahawia na rangi nyingine zote ni kinyonga, na mtoto atataka umsomee ukurasa huo kila siku.

Mwalimu wa Awali (Tanga)

Brashi, orodha yako nimeinakili, nitaitumia darasani. Ila kwenye tembo wa bluu naomba tutofautiane. Mtoto wa Morogoro mjini ambaye hajawahi kumwona tembo, akimkuta wa bluu kitabuni, hana cha kushangaa. Anapokea tu kwamba tembo yuko hivyo. Mshangao unamhitaji mtu anayejua tembo wa kweli ni wa kijivu. Mwaka 2014 Patricia Ganea na wenzake wa Toronto walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano: waliosomewa vitabu ambamo wanyama wanavaa nguo na kuongea walijifunza ukweli mchache kuhusu mnyama yule kuliko waliosomewa vitabu vinavyomwonyesha kama alivyo. Kwa kitabu cha kwanza, mnyama awe na rangi yake. Akishamjua, mletee wa bluu, na hapo mtoto mwenyewe atakupigia kelele kuwa umekosea, atafurahi kweli.

Nisieleweke vibaya, bibi asiache hadithi za Sungura na Fisi. Hadithi ni hadithi, na mtoto anazihitaji. Nazungumzia kitabu cha kumtambua mnyama.

Brashi na Rangi (Dar)

Hapo kwenye mpangilio nimekuelewa, mwalimu. Wa kweli kwanza, wa bluu baadaye. Ila asikose wa bluu.

Ukhti wa Maskati

Assalaam aleikum. Mie niko Maskati, asili yetu Unguja. Hapa wajukuu wanaongea Kiarabu skuli na mitaani, Kiswahili wanakisikia kwetu sisi wakubwa tu, kwa hiyo kitabu cha picha ndicho kinachoshika lugha nyumbani.

Nilichokiona: mtoto anashika neno la mnyama ambaye mtu mzima ana la kusema juu yake. Mama yangu hajali simba wala twiga. Lakini mfungulie picha ya kima punju wa msitu wa Jozani kule Unguja, hamalizi. Atasimulia walivyokuwa wakirukia mashamba ya watu, wanavyokula mkaa kwenye matanuri ya wachoma makaa, na huku anaonyesha kwa kidole: mgongo mwekundu, uso mweusi, tumbo jeupe. Rangi tatu kwa kima mmoja. Mjukuu wangu alizijua hizo kabla ya buluu na kijani, na alizijua kwa Kiswahili.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kununua, muulize mama wanyama aliokua nao. Hao ndio wa kuanza nao.

MamaBinti (Morogoro)

Nawashukuru sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Jana usiku nilimfanyia jaribio la vikombe. "Nipe chekundu", akanipa chekundu. "Nipe cheupe", akanipa cheupe. Cha bluu na cha kijani akavishika vyote viwili akanitazama. Nimelala vizuri.

Mama nimemuuliza. Amekulia Matombo huko milimani, anasema wao walifuga mbuzi na kuku, na mbega aliwaona msituni weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani. Ameongea nusu saa nzima, mtoto mapajani. Sasa swali langu limebadilika. Kitabu chenye mbuzi, kuku na mbega, cha Kiswahili safi, picha moja kila ukurasa, nitakipata dukani kweli? Au nitengeneze?

Mtu wa Pwani (Mombasa)

Dada, tengeneza, na usianzie sufuri.

Kuna maktaba ya mtandaoni inayoitwa African Storybook, ya shirika la Saide la Afrika Kusini, ilizinduliwa mwaka 2014. Ni bure. Unachagua lugha, Kiswahili kipo na vitabu vyake ni vingi, kisha unachagua kiwango cha kwanza kabisa, chenye neno moja au sentensi moja kila ukurasa. Unapakua, unaprinti. Leseni yake inaruhusu pia kubadilisha maneno, kwa hiyo ukikuta ile "mbuzi nyeupe" ya mwalimu, unairekebisha mwenyewe kabla ya kuprinti. Kuna programu yao ya simu ya kusomea hata bila bando, na nyingine ya kutengenezea kitabu chako kwa picha zako. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo inafanya kazi kwa mtindo huo na Kiswahili kimo.

Mimi nilichukua viwili vya humo, cha tatu nikatengeneza kwa picha za simu. Kwenye picha usikose haya. Chuchumaa hadi simu ifike usawa wa jicho la mnyama, kwa sababu mbuzi aliyepigwa kutoka juu anaonekana mgongo na pembe tu, mtoto hamtambui. Piga asubuhi au alasiri, jua la mchana linaua rangi, kuku mwekundu anatoka mweusi. Nyuma yake pawe patupu, ukuta au mchanga, si rundo la ndoo na masufuria. Na ukipata mbuzi mweupe na mbuzi mweusi, wasubiri wasimame namna moja, hata kama itachukua asubuhi nzima. Zile kurasa mbili ndizo zilizofanya kazi kuliko zote kwa mwanangu.

Maneno niliweka machache. "Mbuzi mweupe." Ukurasa wa pili, "Mbuzi mweusi." Wa tatu picha yao wote wawili, bila maneno, ili mama yangu aseme anachotaka.

Saiba walinipa karatasi nyembamba mara ya kwanza, nikakataa. Omba karatasi nzito ya picha au waprinti kwenye manila. Printi ukurasa mmoja wa majaribio kwanza, kwa sababu kijani na bluu za kwenye simu zikitua kwenye karatasi mara nyingi zinakaribiana, na hizo ndizo rangi zinazomchanganya mtoto. Zikifanana, ongeza mwanga kwenye picha ya kijani urudie. Kisha piga laminesheni, toboa matundu matatu pembeni, funga kwa uzi wa katani au kamba ya kiatu. Ile spairo ya plastiki mtoto anaing'oa.

Mzee wa Maktaba

Binti yangu, nimefanya kazi maktaba hadi nimestaafu. Tengeneza, ni jambo zuri, lakini usikate tamaa na vya kununua.

Ukipita Dar, nenda duka la vitabu la TPH, Mtaa wa Samora. Wachapishaji Mkuki na Nyota wana vitabu vya watoto vya Kiswahili vilivyochorwa na watu wetu, na pale unaruhusiwa kuvifungua na kuvitazama. Uliza pia vitabu vilivyotolewa kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Mradi ule ulianza mwaka 1991 kwa sababu hiyo hiyo unayoilalamikia, watoto hawakuwa na vitabu vya Kiswahili vyenye mazingira yao. Vingi ni vya watoto wanaoanza kusoma, ila bibi anaweza kuviacha vile maneno akatumia picha. Maktaba za mikoa zina sehemu ya watoto. Mpeleke, mwache atembee katikati ya rafu, achague mwenyewe.

Kuhusu mama yako kusoma kwa kuungaunga. Tafadhali asijione kwamba hafai kwa kazi hii. Kitabu cha mtoto wa miaka miwili na nusu kinasomwa kwa kidole na mdomo, maandishi ni ya mtu mzima ajikumbushe. Nilikuwa nikiwaona akina bibi wakija na wajukuu maktaba, wanakaa chini mkekani, wanafungua picha ya jogoo, na bibi anaanza: huyu anawika saa ngapi? Wa kwetu alikuwa na kishungi chekundu hivi hivi. Kuku wetu alitagia wapi? Mtoto anajibu, bibi anaongeza. Kuna mabibi walikuwa wanatega hadi vitendawili, "Kuku wangu katagia miibani," wakubwa wanajibu nanasi, na mdogo anacheka bila kujua kwa nini. Alisema "mnyama huyo" kwa sababu alipewa kulungu wa theluji. Wewe hata ungesema nini juu yake?

Na kama mna safari ya Iringa, barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Mkalishe mtoto dirishani upande wenye kivuli, kitabu mkononi. Twiga, pundamilia, nyani na swala huwa wanaonekana kutoka kwenye basi. Akimwona twiga wa kitabuni anatembea, hutahitaji kumfundisha tena.

MamaBinti (Morogoro)

Shikamoo mzee, na asante sana. Mama nimemsomea maneno yako yote, amesema nikupe salamu.

Tumeanza. Jirani ana mbuzi mweupe na mweusi, Jumamosi baba mtoto atawapiga picha. Kuku mwekundu tunaye wetu. Mbega nimempata kwenye hicho chanzo cha Mtu wa Pwani, na maneno mama ameyatunga mwenyewe, mimi nimeandika tu: "Mbega mweusi ana manyoya meupe. Anaruka, huyoo!" Kinyonga nimemwachia Brashi, akipata nafasi atuchoree.

Swali dogo la mwisho. Steshenari ya hapa wamenionyesha karatasi iliyopigwa laminesheni, pembe zake zina ncha kali. Mtoto hataumia jicho?

Sista Wodi ya Watoto

Ataumia, usimpe hivyo. Waambie karatasi iwe ndogo kuliko plastiki, ibaki pembeni nafasi ya upana wa kidole chako kidogo, plastiki ishikane yenyewe kwa yenyewe. Ukifika nyumbani, zungusha pembe nne kwa mkasi mdogo au kikata kucha, ukate plastiki tu usiguse karatasi. Ukigusa karatasi, mate yataingia kati na wino utavuja. Kisha pitisha ukingo wote kwenye shavu lako mwenyewe kabla ya kumpa.

Mtu wa Pwani (Mombasa)

Na matundu toboa kwenye hiyo hiyo nafasi ya plastiki. Ukitoboa kwenye karatasi inachanika hapo.